Mguu wa kuku una bei gani? Kukadiria thamani ya bastola iliyotumika, Uganda

Mama mmoja wa Jinja alinipigia simu wiki tatu baada ya kumzika mumewe. Alisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akanyamaza kidogo. "Afande, marehemu ameacha ile kitu. Jirani ananipa milioni moja na nusu. Nimpe?"

"Ile kitu" ilikuwa bastola, Glock 17, na jirani hakuwa na cheti cha silaha. Jibu langu lilikuwa fupi: usimpe, usiishike, usiihamishe. Mambo ya bei tuliyaongea baadaye, na ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu swali lake huulizwa na watu wengi na wengi hujibiwa na watu wasiofaa. Nimetunza ghala la silaha kwa miaka mingi, kwanza serikalini, baadaye kwenye kampuni ya ulinzi. Bastola zilizopita mikononi mwangu sikuzihesabu, ila nazijua kama mchinjaji anavyojua mbuzi: kwa kumshika mgongo, si kwa kumsikiliza mwuzaji.

Neno la msingi ni hili. Hapa Uganda bastola ina thamani mbili, ya karatasi na ya chuma. Bila karatasi, chuma ni sifuri. Hata kama ni mpya, ndani ya boksi, haijapigwa risasi hata moja, bei yake ni kifungo.

Hatua ya kwanza: karatasi

Sheria ya silaha za moto tunayoitumia ni ya mwaka 1970. Mwenye bastola lazima awe na cheti, na anayeinunua pia lazima awe na chake kabla ya kuipokea. Hakuna kuuziana nyuma ya nyumba halafu "tutafanya transfa baadaye" kama pikipiki. Kwa hiyo kabla ya kufikiria bei, weka mezani vitu hivi: cheti cha mwenye silaha na kama kimelipiwa hadi lini, risiti ya ununuzi au kibali cha kuingiza nchini, na namba ya silaha kama ilivyoandikwa kwenye cheti. Isome namba hiyo herufi kwa herufi. Nimewahi kuona 8 iliyoandikwa B, na kosa hilo moja lilichelewesha mauzo miezi.

Halafu kuna alama. Uganda ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayozitaka nchi zetu ziweke alama na kumbukumbu kwenye silaha ndogo. Baadaye, Juni 2018, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa, Rais Museveni aliliambia Bunge kwamba bunduki zote zichukuliwe "alama za vidole", yaani kila silaha ipigwe risasi za majaribio na alama inazoacha kwenye risasi na ganda zihifadhiwe. Mnunuzi mwerevu atauliza: hii imeshachukuliwa? Kama imeshachukuliwa na karatasi ipo, umemwondolea usumbufu, na mtu aliyeondolewa usumbufu hulipa.

Kwa mrithi mambo ni tofauti kidogo. Cheti cha marehemu hakirithiwi pamoja na mashamba. Mjulishe mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji au mtaa), kisha polisi wa kituo chako, waje waichukue wao waitunze ghalani mpaka msimamizi wa mirathi apatikane kisheria. Omba hati ya kukabidhi yenye namba ya silaha, aina, idadi ya magazini (vile vibweta vya kupakilia risasi) na idadi ya risasi. Hati hiyo itunze kama hati ya kiwanja. Na kama silaha haina karatasi kabisa, labda imetoka chini ya kitanda cha babu tangu enzi za vita, acha kusoma hapa. Hiyo haina bei. Waite polisi waje, usiibebe wewe kwenye mfuko wa sukari ukapanda nayo teksi.

Hatua ya pili: nani anaikagua, na wapi

Kama huna cheti, si wewe unayeishika. Ukaguzi ufanyike ghalani, mbele ya ofisa anayeitunza, na mtu mwenye ujuzi na idhini. Kama cheti ni chako na bastola ni yako, bado tafuta jicho la pili, kwa sababu hakuna mtu anayeona kasoro za mali yake.

Kanuni za kushika hazibadiliki. Mdomo wa mtutu uelekee mahali salama. Kidole mbali na kifyatulio. Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi (kile kipande cha juu kinachoteleza) nyuma, utazame ndani ya chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) kwa macho, kisha uingize ncha ya kidole kuhakikisha. Mpangilio huo una sababu. Ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, risasi ya chemba itaruka nje na nyingine itaingia nyuma yake, nawe utaamini bastola ni tupu. Watu wamekufa kwa kosa hilo, wengi wao wakiwa wanasafisha. Risasi zote zitolewe nje ya chumba mnamokagulia kabla ya kuendelea.

Wengine hukimbilia kwa mafundi wa Katwe, kule Kampala. Katwe watakutengenezea mashine ya kusaga, sufuria, hata kipuri cha lori ambalo kiwanda chake kilishafungwa. Bastola usiwapelekee.

Hatua ya tatu: ijue ni ipi hasa

"Ni Glock" haitoshi. Ni kama kusema "ni Toyota". Glock 17 ilianza mwaka 1982, kizazi cha tatu kikaja 1998, cha nne 2010, cha tano 2017, na kila kizazi kina bei yake. Kwenye Glock namba huwa mahali patatu: kwenye fremu, yaani mwili wa chini (tazama ile bamba ndogo ya chuma chini ya mtutu), kwenye slaidi, na kwenye mtutu. Zote tatu zilingane. Zikitofautiana, kuna kipande kimebadilishwa, na hilo lina maswali mawili: la bei, na la polisi. La polisi ndilo zito, kwa sababu mtutu uliobadilishwa hauachi alama zilezile zilizohifadhiwa.

Bastola za zamani husomeka vizuri zaidi kwa anayejua alfabeti yake. Browning Hi-Power ya Ubelgiji, iliyoanza 1935, ina mhuri wa majaribio wa mji wa Liège: herufi ELG ndani ya duara la yai, taji juu yake. CZ 75 ya Ucheki hubeba mhuri wa majaribio wenye simba mdogo na tarakimu mbili za mwaka. Makarov ya Kisovieti huandikwa mwaka kwenye fremu, na ile ya kiwanda cha Izhevsk ina mshale ndani ya pembetatu. Alama hizi zikiwa kali na za kusomeka, thamani inasimama. Zikiwa zimefifia kwa kusuguliwa, uliza nani alisugua na kwa nini.

Namba iliyokwaruzwa au kufutwa? Simamisha kila kitu. Hapo hakuna biashara.

Kisha tazama kipimo cha risasi, maana hapa ndipo watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kipimo kinachotumika sana duniani ni 9x19 (upana wa risasi na urefu wa ganda, kwa milimita), kile cha Glock, CZ 75, Beretta 92 na Hi-Power. Makarov ni 9x18. Zote huitwa "tisa", lakini risasi zake haziingiliani. Tokarev hutumia 7.62x25. Walther PP za zamani nyingi ni 7.65. Bastola nzuri ambayo risasi zake ni za kutafuta kwa tochi hupoteza thamani hata kama inang'aa, kwa sababu anayenunua bastola kwa ulinzi ananunua pia uwezo wa kufanya nayo mazoezi.

Hatua ya nne: chuma chenyewe

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapopotea.

Anza na nje. Wamarekani wana madaraja yao, yanayotokana na chama chao cha wamiliki wa bunduki, kuanzia mpya, nzuri kabisa, nzuri sana, nzuri, hadi ya wastani, nao hukadiria asilimia ya rangi ya kiwandani iliyobaki. Ni njia nzuri, ila isikutie upofu. Rangi kufifia kwenye mdomo wa slaidi na kwenye kingo ni alama ya mfuko wa kiunoni. Bastola hiyo imebebwa sana, pengine haikupigwa sana. Afisa anaweza kuitembeza miaka 10 kati ya Entebbe na Kampala bila kupiga risasi 200. Nje imechakaa, ndani ni bikira. Mimi ningeichukua hiyo mara mbili kabla ya ile inayong'aa nje lakini imefanyishwa kazi na kampuni ya mazoezi.

Kutu ndiyo adui wetu. Unyevu wa karibu na ziwa hauna huruma, na kosa kubwa ninaloliona ni bastola kuhifadhiwa ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi hufyonza unyevu na ina chumvi za kiwandani. Ukiifungia humo miezi sita kabatini, ukiitoa utaona ramani ya mfuko imechorwa kwa kutu. Kutu ya juu juu, ya rangi ya chungwa, huondoka kwa mafuta na kitambaa. Ile iliyochimba vishimo haiondoki. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, ni vishimo, na hapo punguza bei bila aibu. Fungua pia vishikio kama ni vya mbao au vya kufunga kwa skrubu, maana kutu hupenda kujificha chini yake.

Sasa mtutu. Uuvue, usafishe kwa kitambaa kikavu, uangalie mwanga kupitia ndani. Mifereji ionekane imekata vizuri kutoka chemba hadi mdomo. Glock zina kingo za mviringo kwa kiwanda (isipokuwa mitutu ya kizazi cha tano, ambayo mfumo wake ni mwingine), usidhani zimelika. Ukiona kivuli cha pete katikati ya mtutu, kama kiungo kwenye bomba la maji, huo umevimba: risasi moja ilikwama ndani na nyingine ikapigwa nyuma yake. Mtutu huo ni wa kutupa. Ukiona vidoadoa vyeusi kila mahali, mara nyingi ni risasi za zamani za nchi za Mashariki ambazo baruti ya kuwashia huacha chumvi. Mwenyewe alipiga Jumamosi, akasafisha Jumatatu, chumvi ikafanya kazi Jumapili.

Slaidi ikiwa imefunga, bonyeza sehemu ya mtutu inayoonekana juu, pale ganda linapotokea. Ikicheza kidogo sana ni sawa. Ikizama na kurudi kama kitufe cha redio, kufuli limechoka. Tazama reli zinazobeba slaidi, tafuta nyufa kwenye pembe. Beretta 92 kagua kile kipande cha kufunga kilicho chini ya mtutu. CZ 75 kagua pini ya kushikilia slaidi, ni sehemu inayojulikana kuvunjika.

Jaribu kazi. Magazini tupu ikiingia na slaidi ikavutwa, inabaki wazi? Sefti ikiwekwa, kifyatulio kinagoma kweli? Magazini inadondoka yenyewe ukibonyeza? Vitu vidogo, lakini kila kimoja kikikosea kina gharama yake.

Springi inayorudisha slaidi ni kama bireki pedi za gari: ni ya kubadilishwa, na mwenye akili huibadilisha kabla haijafa. Kwenye Glock wengi huibadilisha baada ya risasi 3,000 hadi 5,000. Mtutu wenyewe huenda makumi ya maelfu. Kwa hiyo springi iliyolegea ni sababu ya kupunguza kidogo tu, usikubali mnunuzi aifanye msiba.

Magazini zitazame midomo yake. Ikipinda au ikipasuka, risasi hazipandi sawa, na mtu atailaumu bastola nzima. Magazini ya ziada ya kiwandani huongeza bei. Zile za kuiga zisihesabu.

Vilengeo vinavyong'aa gizani vina gesi ya tritiamu, ambayo hupoteza nusu ya nguvu kila miaka 12 na kitu. Mwuzaji akisema "hii ina taa za usiku", uliza za mwaka gani. Za mwaka 2005 zimeshafifia sana.

Na usiisugue ing'ae kabla ya kuuza! Nakuomba. Mzee mmoja alichukua Hi-Power ya urithi, safi, yenye rangi yake ya asili iliyofifia kwa heshima, akaipeleka ikapigwa msasa na kupakwa rangi mpya. Kingo zikawa mviringo, herufi zikafifia, mhuri wa Liège ukabaki kivuli. Mtu anayependa vitu vya kale alikuwa anaitaka. Alipoiona alikunywa chai yake akaaga. Mafuta mepesi na kitambaa, basi.

Hatua ya tano: tafuta bei ya kulinganishia

Marekani ni rahisi. Huko bastola zilizotumika huuzwa hadharani kwa mnada wa intaneti, na bei zilizokwisha kulipwa zinaonekana. Glock 17 mpya huko huwa kati ya dola 500 na 650, na iliyotumika ya kizazi cha tatu mara nyingi iko kwenye 350 hadi 450. Lakini kubadilisha dola kuwa shilingi na kusema "basi hapa ni milioni moja na nusu" ndilo kosa la yule jirani wa Jinja, au labda ujanja wake. Bastola iliyofika Kampala kihalali imeshalipiwa vibali, usafiri, ushuru na faida ya mwenye leseni ya kuuza. Bei ya Marekani itakuambia uwiano: Glock ikilinganishwa na Makarov, iliyotumika ikilinganishwa na mpya. Kiwango chenyewe usichukue huko.

Kiwango kichukue kwa mwuzaji mwenye leseni hapa. Muulize bei ya mpya ya aina hiyo au ya karibu yake, pamoja na karatasi zote. Na kumbuka bei ya kuomba si bei ya kuuzia. Mtu anaweza kuomba milioni 10 mpaka nywele ziote mvi.

Hatua ya sita: hesabu

Nitatumia namba za kufundishia, usizibebe kama bei ya soko. Tuseme mwenye leseni anataka shilingi 6,000,000 kwa mpya.

Kipimo changu mwenyewe, kilichotokana na kuona nyingi zikibadilisha mikono: iliyotumika kidogo na kila kitu chake, asilimia 75 hadi 80 ya mpya. Iliyobebwa sana ila ndani ni safi, 60 hadi 70. Yenye vishimo vya kutu nje lakini inafanya kazi, 40 hadi 50. Yenye mtutu mbovu au ufa, ni vipuri tu.

Ya mama wa Jinja ilikuwa imebebwa, ndani safi. Nikaipa asilimia 65, ambayo ni 3,900,000. Springi ilikuwa imechoka, nikatoa 150,000. Cheti kilionyesha magazini mbili na ghalani kulikuwa na moja, nikatoa 200,000. Ikabaki 3,550,000.

Mwisho kuna punguzo ambalo watu husahau: soko letu ni dogo. Wanunuzi ni wale tu ambao LC, polisi wa wilaya na wakubwa wa makao makuu ya polisi, Naguru, wameshawapitisha, na mwenye cheti mkononi anajua kwamba wewe unamngoja kuliko yeye anavyokungoja. Kwa hilo natoa asilimia 15. Ikawa 3,017,500. Bei hii siiandiki kama namba moja. Naandika: kati ya milioni 2.8 na milioni 3.3, na naweka tarehe, na picha za pande zote mbili. Picha zenye namba ya silaha zibaki kwenye faili, zisiende kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Anayejua kwamba nyumba yako ina bastola na anajua unaiuza, amejua mambo mawili mengi mno.

Kama bastola ni ya kale na ya asili, kwa mfano Hi-Power ya miaka ya 1950 yenye namba zinazolingana, kipimo hiki hakifai. Hiyo inapanda kwa umri badala ya kushuka. Iongezee thamani boksi lake, kijitabu chake, hata barua ya zamani ya kuikabidhi.

Hatua ya saba: kukabidhiana

Ifanyike ghalani au kwa mwenye leseni, cheti cha mnunuzi kikiwa kimeshatoka, pesa zikipita benki. Andika makubaliano yenye namba ya silaha na hali yake kama ulivyoikagua. Msimamizi wa mirathi atie saini, ofisa ashuhudie, kila mtu aondoke na nakala. Usipokee "kishika uchumba" kutoka kwa mtu ambaye bado anaomba cheti, maana ombi lake likikataliwa utakuwa na deni na ugomvi.

Mama aliuza kwa 3,100,000, miezi mitano baadaye. Wiki moja kabla ya kukabidhi alinipigia tena. Mjukuu alikuwa anaweka penseli zake kwenye boksi jeusi la plastiki juu ya kabati, na siku hiyo, mama alipolifungua kutafuta kichongeo, chini ya sponji akaona kitu cha chuma. Nikamwambia asikiguse, awapigie polisi wale wale waliomwandikia hati. Ilikuwa magazini ya pili. Zile 200,000 tukazirudisha kwenye hesabu, na boksi nalo likaongeza 50,000. Mtoto akanunuliwa kibweta.